Mwangwi wa Bonde la Rukwa na mashine zilizoupigia hesabu

Ukitoka Sumbawanga kwenda Muze, uwanda wa juu wa Ufipa unakatika ghafla kwenye Lyamba lya Mfipa, na Bonde la Rukwa linatanda chini yako. Ufa uliozaa bonde hilo bado uko hai. Desemba 13, 1910, eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la kipimo cha 7.4, moja ya matetemeko makubwa kuwahi kurekodiwa Afrika.

Miaka ya 1980 kampuni ya Marekani, Amoco, ilikuja bondeni kutafuta mafuta. Katika utafiti wa aina hiyo, mtetemo hupelekwa ardhini, mwangwi hurudi kutoka kwenye matabaka ya miamba, na vinasa vilivyopangwa kwa mstari huupokea. Kinasa kinachopima kila baada ya milisekunde 4 kwa sekunde 6 hutoa namba 1,500. Vinasa 96 hutoa 144,000, kwa mtetemo mmoja tu. Namba hizo hazionyeshi mwamba hadi zipigiwe hesabu.

Njia ilifunguka mwaka 1965, pale Cooley na Tukey wa Marekani walipochapisha mbinu ya haraka ya kuchambua mawimbi. Kwa namba 1,024, kazi ya hatua zaidi ya milioni moja ilishuka hadi takriban 10,000. Mwaka huohuo kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha. Lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na wataalamu wetu wakabaki nyuma wakati wenzao wakisonga mbele.

Huko nje, kila mashine mpya ilidai programu ipangwe upya. Kompyuta ya Cray-1 ya mwaka 1976 ilipenda namba zilizojipanga safu, ikizipiga hesabu kwa mkupuo. Baadaye vichakataji vilikuwa na kasi zaidi kuliko kumbukumbu inayovilisha, vikawa vinakaa bure vikisubiri namba, kama mkulima wa Laela anayesomba mahindi gunzi moja moja badala ya kujaza gunia. Dawa ilikuwa kugawa data katika mafungu yanayoenea kwenye kumbukumbu ndogo iliyo jirani na kichakataji, na kulimaliza fungu moja kabla ya kugusa jingine. Tangu mwaka 2007, kampuni ya Nvidia ilipotoa mfumo wa programu wa CUDA, kadi zilizobuniwa kwa ajili ya picha zimekuwa zikipiga maelfu ya hesabu kwa wakati mmoja. Kanuni ni ileile. Kilichobadilika ni mpangilio wa kazi.

Visima vya Amoco vya mwaka 1987, Ivuna-1 na Galula-1, havikuleta mafuta ya biashara. Hata hivyo data ya bonde haikupoteza thamani. Mwaka 2016 watafiti wa Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, wakitumia pia picha za mitetemo ya bonde hilo, walitangaza kuwa Rukwa ina heliamu inayokadiriwa kufikia futi za ujazo bilioni 54. Gesi hiyo hupoza sumaku za mashine za MRI hospitalini.

Data ya ardhi haizeeki. Inayozeeka ni programu inayoisoma. Kwa hiyo Serikali itunze kila mkanda wa vipimo vya Rukwa, na vyuo vyetu, ikiwemo Kampasi ya Rukwa ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), vifundishe vijana kuandika programu zinazoiendea mashine inavyotaka. Utajiri ulio chini ya bonde letu upigiwe hesabu na watoto wetu wenyewe.