Vikaragosi vya XYZ

Mei 2009, viongozi wa Kenya walionekana kwenye Citizen TV wakiwa na vichwa vya mpira. Kipindi cha The XYZ Show kilibuniwa na mchoraji katuni Gado, Mtanzania mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyevutiwa na Spitting Image ya Uingereza na Les Guignols ya Ufaransa. Kibaki, Raila, hata Obama, wote walikejeliwa: kwa taarifa za habari za mzaha, vichekesho vifupi na nyimbo.

Mgeni aliyetoka Tabaka, kwa wachongaji wa mawe wa Kisii, atazame kwanza nyuso za vikaragosi hivi. Mchongaji wa Tabaka hupunguza jiwe, kisha hulipiga msasa kwa maji mpaka ling'ae. Kikaragosi huanza kinyume: sura hufinyangwa kwa udongo, hutolewa kalibu, ndipo mpira laini humiminwa. Pua hurefushwa, mashavu hutuniswa; mchezeshaji huingiza mkono kichwani na kufungua mdomo, huku sauti ikitoka kwa mwigizaji mwingine.

Ufundi huo ni ghali, na mzaha wake haukumpendeza kila mkubwa. Lakini watazamaji walicheka, wakiwa bado na kumbukumbu mbichi za ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007.