Usiku Mmoja Mombasa: Alichokikumbuka Ibn Battuta

 

Jina la Ibn Battuta wengi wetu tumelisikia tangu madrasa. Lakini ukimuuliza kijana wa leo, "Alipofika pwani yetu aliona nini?" jawabu hana. Haya, tufuatane naye kidogo.

Alizaliwa Tangier, Morocco, mwaka 1304. Mwaka 1325, akiwa na miaka 21 tu, rika letu sisi wa chuo kikuu, alitoka kwao kwenda kuhiji. Safari hiyo ikazaa nyingine, na mwaka 1331 akapanda jahazi Aden kuteremka pwani ya Afrika Mashariki. Injini hakuna. Vyombo vilingoja kaskazi ivilete huku, kisha kusi ivirudishe Arabuni.

Baada ya siku nne baharini alifika Zeila. Mji mkubwa, soko kubwa, lakini samaki walivyojaa, na ngamia waliokuwa wakichinjwa njiani, mji mzima ukinuka. Mgeni wetu akaona bora alale chomboni, ijapokuwa bahari ilikuwa imechafuka. Hayo ni ya wakati ule, wala si kuwatia aibu wenyeji wa leo. Lakini tizama: soko lote lile, na alichoondoka nacho ni harufu.

Safari ya mausiku 15 tena, akafika Mogadishu. Hapa mambo mengine kabisa. Jahazi likitia nanga, vijana wa mji walikuwa wakilifuata kwa mashua, kila mmoja na chakula kilichofunikwa. Kijana humpa mfanyabiashara mmoja sahani yake na kusema, "Huyu ni mgeni wangu." Basi mgeni hushukia nyumbani kwa kijana yule, naye ndiye humuuzia na kumnunulia. Atakayemdanganya mgeni kwa bei ya chini, au kumuuzia mwenyeji hayupo, biashara ile haikubaliki. Na waliposikia kuwa Ibn Battuta si mfanyabiashara bali ni mtu wa elimu, kadhi mwenyewe aliteremka ufuoni pamoja na wanafunzi wake kumpokea. Mwanafunzi mwenzangu, umesoma hapo?

Kisha akaja Mombasa. Alikuwa njiani kwenda Kilwa, mji mkubwa wa biashara siku zile, kwa hivyo hapa alilala usiku mmoja tu. Aliona kisiwa chenye migomba na milimau, watu wakila zaidi ndizi na samaki, nafaka ikiletwa kwa vyombo kutoka nje. Akawasifu wenyeji kuwa ni Mashafii, wacha Mungu na watu wema. Misikiti yao ilikuwa ya mbao, imejengwa vizuri. Kwenye kila mlango wa msikiti kulikuwa na kisima kimoja au viwili visivyo na kina kirefu, maji yakitekwa kwa chombo cha mbao chenye mpini mwembamba, mfano wa kata zetu. Watu walitembea pekupeku, kwa hivyo anayeingia huosha miguu, kisha huisugua kwenye kipande cha jamvi gumu mlangoni.

Safari zake ziliandikwa kitabu Morocco mwaka 1355, yaani miaka 24 baadaye. Katikati hapo alishafika India na China, akaona majumba ya wafalme. Na bado jamvi la mlangoni Mombasa alikuwa nalo kichwani!

Ndugu yangu, hao hawakujua kwamba kuna mtu atawaandika. Waliosha miguu kwa sababu ni nyumba ya Mwenyezi Mungu, basi. Na sisi je? Usiku wa tarawehe, mgeni akishuka leo kutoka Lamu au Garissa akaingia msikiti wako, atakuta nini mahali pa kutawadhia? Baada ya futari, maganda na makopo huokotwa na nani? Ni kijana gani atamwambia, "Huyu ni mgeni wangu"?

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Ramadhan hii, kila kikundi cha vijana kijitwike kazi mbili: maji na usafi wa msikiti, na sahani moja ya futari kwa asiyejulikana. Si lazima pesa nyingi. Jamvi lile lilikuwa bei gani?

Mwenyezi Mungu atukubalie saumu zetu. Wabillahi tawfiq.