Malaria ya Milimani na Majibu ya Afya ya Umma katika Ardhi ya Wagusii

Soko la Ikonge, katika kaunti ya Nyamira nchini Kenya, limo katika nchi ya milima ambayo kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa salama dhidi ya malaria, kwa kuwa vimelea vya ugonjwa huo hushindwa kukomaa ndani ya mbu pale joto linaposhuka chini ya nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi. Hata hivyo usalama huo ulikuwa na hatari yake. Watu wa ukanda wa Ziwa Viktoria, walioumwa na mbu wenye vimelea tangu utotoni, hujenga kinga ya mwili kidogo kidogo, lakini Wagusii wa milimani hawakuipata kinga hiyo, hivyo msimu wa joto na mvua nyingi ulipowapandisha mbu mlimani, ugonjwa haukuwachagua watoto wachanga peke yao bali uliwalaza hata vijana na watu wazima wenye nguvu. Hali hiyo ndiyo wataalamu wanayoiita malaria ya mlipuko, tofauti na malaria ya kudumu inayojulikana pwani na kandokando ya Ziwa.

Milipuko hiyo ilianza kuandikwa katika kumbukumbu za utawala wa kikoloni baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wakati wapagazi na askari waliporudi nyumbani kutoka maeneo yenye malaria, na ikajirudia mara kadhaa hadi miaka ya 1940. Serikali ya wakati huo ilijibu kwa kukausha mabwawa, kugawa kwinini na, baada ya Vita vya Pili, kunyunyizia dawa ya DDT, ingawa ni dhahiri kwamba mashamba ya chai na vituo vya utawala vilihudumiwa mapema kuliko vijiji. Kuanzia miaka ya 1960 ugonjwa ulipungua kiasi cha kusahauliwa, na pamoja nao ukasahauliwa pia utaratibu wa kuukabili.

Uliporejea mwishoni mwa miaka ya 1980, na kuzidi katika muongo uliofuata, ulikuta mazingira yaliyokwisha kubadilika. Mabonde yaliyokuwa na mafunjo yalikuwa yamelimwa, na kwa kuwa kivuli kilikuwa kimeondoka, maji yaliyotuama yalipata joto ambalo mbu aina ya Anopheles gambiae hulipenda. Watafiti waliofanya kazi katika wilaya ya Kisii, jirani na Nyamira, walionyesha kwamba mashimo yanayobaki baada ya kufyatua matofali huzalisha mbu hata wakati wa kiangazi, na kwamba mabwawa ya samaki yaliyoachwa na wenyewe huwa na viluwiluwi vingi vya mbu kuliko yale yanayotunzwa. Walipotia perege katika baadhi ya mabwawa hayo, viluwiluwi vilipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Matokeo hayo yanastahili kukumbukwa kuliko yanavyokumbukwa, kwa sababu yanaonyesha kinga ambayo mkulima anaweza kuimiliki, kuila na kuiuza. Wakati huohuo klorokwini, dawa iliyotegemewa kwa miongo mingi, ilikuwa imeshindwa na vimelea sugu, na mwaka 1998 Kenya ikaamua kuibadilisha kwa mchanganyiko wa salfadoksini na pirimethamini.

Mlipuko wa mwaka 1999 katika wilaya za Kisii na Gucha ulifichua udhaifu mkubwa zaidi, nao ulikuwa kuchelewa. Taarifa za wagonjwa zilikusanywa zahanati kwa zahanati na kupelekwa makao makuu kwa mwendo wa pole, kiasi kwamba dawa, fedha na wahudumu wa ziada waliweza kufika baada ya wengi kuzikwa. Mwaka uliofuata, shirika la misaada la Merlin lilishiriki katika kampeni ya kunyunyizia dawa ukutani ndani ya nyumba na ya kugawa vyandarua vyenye dawa katika wilaya hizo mbili. Tathmini iliyofuata ilionyesha kwamba njia zote mbili zilikinga, lakini unyunyiziaji ulikinga zaidi na kwa gharama ndogo kwa kila mtu, mradi ufanywe kabla ya msimu wa hatari kuanza.

Mwaka huohuo wa 2000, viongozi wa Afrika waliokutana Abuja waliweka lengo la kuugundua mlipuko ndani ya wiki mbili tangu unapoanza. Ili kulitimiza, vituo vya afya hutumia kizingiti cha tahadhari, yaani idadi ya wagonjwa inayokadiriwa kwa kulinganisha wiki fulani na wiki kama hiyo katika miaka mitano iliyopita. Muuguzi huchora mstari wa kizingiti kwenye chati ya ukutani, kisha kila wiki huongeza nukta ya hesabu mpya, na nukta inapovuka mstari anapaswa kutoa taarifa mara moja bila kungoja mwisho wa mwezi. Ufundi huo ni rahisi, lakini hautambui mgonjwa asiyefika kituoni, na katika milima ambako mvua huharibu njia, wasiofika ni wengi.

Pengo hilo ndilo lililotakiwa kuzibwa na mkakati wa afya ya jamii ulioanzishwa mwaka 2006, uliowapa wahudumu wa kujitolea kazi ya kuzifikia nyumba za majirani wao. Mkakati huo ulijaribiwa pia na ugonjwa mwingine: Uviko-19 ilipotangazwa nchini tarehe 13 Machi 2020, nguzo ya kazi vijijini ilikuwa haohao wahudumu wa jamii, pamoja na machifu. Agizo la serikali la kupunguza waombolezaji mazishini hadi 15 liligusa desturi nzito kwa Wagusii, ambao humzika marehemu nyumbani kwake mbele ya ukoo wote, na pale lilipotekelezwa kwa amri tupu, bila mazungumzo na wazee wa ukoo, liliacha majonzi juu ya majonzi. Wahudumu hao wa jamii walifanya kazi kwa miaka mingi bila malipo ya uhakika, jambo lisilo la haki kwa watu waliotegemewa kiasi hicho, hadi Septemba 2023, wakati zaidi ya 100,000 kati yao walipozinduliwa rasmi kitaifa wakiwa na mikoba ya vifaa, kwa makubaliano kwamba posho yao ya kila mwezi ichangiwe na serikali kuu pamoja na kaunti.