Chanjo ya homa ya mafua: Kwa nini nchi isiyo na kiwanda husubiri zamu

HOMA ya mafua, au influenza, si yale mafua mepesi yanayopita baada ya siku tatu. Ni maradhi ya virusi yanayoshambulia njia ya pumzi na ambayo, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, huua kati ya watu 290,000 na 650,000 kila mwaka. Walio hatarini zaidi ni wakongwe, watoto wachanga, waja wazito na wenye maradhi ya kudumu.

Chanjo yake imekuwapo tangu miaka ya 1940. Hata hivyo, hutofautiana na ile ya surua au pepopunda kwa jambo moja: virusi vya mafua hubadilika kila mara, na chanjo ya mwaka jana huenda isifae mwaka huu. Ndiyo sababu wataalamu wa shirika hilo hukutana mara mbili kwa mwaka, Februari kwa ajili ya nusu ya kaskazini ya dunia na Septemba kwa ajili ya nusu ya kusini, kuteua aina za virusi zitakazotumiwa.

Baada ya uteuzi huo, kazi huhamia kiwandani. Njia iliyozoeleka zaidi ni ya mayai ya kuku. Yai lenye kijusi cha siku 10 au 11 hivi hutobolewa na kudungwa virusi, kisha huwekwa mahali penye joto kwa siku mbili au tatu ili virusi vizaane. Majimaji yake hutolewa, virusi huuawa kwa kemikali, husafishwa na kupimwa kabla ya kutiwa chupani. Kwa kawaida yai moja hutoa takriban dozi moja ya aina moja ya virusi. Kiwanda kinachotaka dozi milioni 10 za chanjo yenye aina tatu kitahitaji mayai milioni 30 hivi. Shughuli nzima huchukua takriban miezi sita.

Miezi hiyo sita ndiyo kiini cha tatizo. Virusi vipya vinapozuka, kila taifa huitaka chanjo kwa wakati mmoja, na mwenye kiwanda hujihudumia kwanza. Mlipuko wa H1N1 wa mwaka 2009 ulidhihirisha hayo. Australia iliitaka kampuni ya CSL itosheleze mahitaji ya raia wake kabla ya kuiuzia Marekani. Mataifa maskini yalitegemea msaada: dozi milioni 78 zilizogawiwa nchi 77 zilianza kuwasili mwaka 2010.

Indonesia ilikuwa imelalamika mapema. Mwaka 2007 ilikataa kutoa sampuli za virusi vya homa ya ndege, ikidai kuwa zilitumiwa kutengeneza chanjo ambazo watu wake hawangemudu kuzinunua. Mwaka huo huo, Shirika la Afya Duniani lilianza kuzisaidia Brazil, India, Indonesia, Mexico, Thailand na Vietnam kujenga uwezo wa kutengeneza chanjo hiyo.

Miongoni mwa nchi hizo, Brazil ndiyo iliyopiga hatua kubwa zaidi. Taasisi ya Butantan mjini São Paulo, iliyopokea ujuzi kutoka kwa kampuni ya Ufaransa, hutengeneza makumi ya mamilioni ya dozi. Siri yake si mitambo pekee. Serikali hununua chanjo hiyo na kuchanja raia kila mwaka, hivyo kiwanda hakikosi kazi hata pasipokuwa na janga.

Kenya nayo ilionja uchungu wa kusubiri. Machi 2021 ilipokea dozi milioni 1.02 za AstraZeneca za kukinga Covid-19, zilizotengenezwa India. India ilipozuia mauzo ya nje ili kuhudumia watu wake, waliodungwa dozi ya kwanza walikaa wakingojea ya pili. Wahenga hawakukosea waliposema mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Mwaka huo serikali iliunda taasisi ya Kenya BioVax, huku Umoja wa Afrika ukilenga bara hili, lililokuwa likiagiza takriban asilimia 99 ya chanjo zake, lijitengenezee asilimia 60 ifikapo 2040. Lakini kujenga kiwanda si kukidumisha. Kampuni ya Moderna, iliyotangaza mwaka 2022 kuwa ingejenga kiwanda Kenya, ilisitisha mpango huo Aprili 2024 ikitaja kupungua kwa mahitaji ya chanjo ya Covid-19 barani.

Hapo ndipo mafua yanapopata uzito. Uchunguzi wa miaka mingi umeonyesha kuwa maradhi haya huwapo Kenya mwaka mzima, na mwaka 2016 jopo linaloishauri serikali kuhusu chanjo lilipendekeza watoto wa kati ya miezi sita na 23 wachanjwe. Pendekezo kama hilo, likitekelezwa mwaka baada ya mwaka, ndilo linaloweza kukipa kiwanda soko la kukiweka hai hadi siku janga jingine litakapobisha hodi.