Besi Milia na Manahodha wa Mashua za Kukodi

Besi milia ni samaki wa pwani ya mashariki ya Marekani, mwenye mwili wa rangi ya fedha na mistari saba au minane myeusi inayotoka nyuma ya shavu hadi mkiani. Katika majira ya joto, kuanzia Juni hadi Septemba, ndiye anayewapa riziki manahodha wengi wa mashua za kukodi kutoka New York hadi Maine. Mashua hizo haziendi bahari kuu. Huzunguka miamba, mafungu ya mchanga na milango ya ghuba, mara nyingi karibu na nchi kiasi cha abiria kuziona taa za nyumba za ufukweni. Kinacholipiwa hasa ni ujuzi wa nahodha: kujua besi watakuwa wapi maji yakipwa, na watahamia wapi yakianza kujaa. Biashara hii ilipata sura yake ya leo katikati ya karne ya 20, lakini chanzo chake ni cha zamani zaidi, na mara moja ilikaribia kufa kabisa.

Besi hawazaliwi kule wanakovuliwa wakati wa joto. Hilo ni la kuelewa mwanzo, kwa kuwa karibu kila tatizo lililoikumba kazi hii limetokana nalo. Kati ya Aprili na Juni besi wakubwa hupanda mito yenye maji matamu kutaga mayai: mito inayoingia Ghuba ya Chesapeake kwanza, kisha Hudson na Delaware. Mayai huelea yakichukuliwa na mkondo, na yakizama kwenye tope huharibika. Wadogo hukaa miaka kadhaa karibu na walikozaliwa. Wakishakua, majike hasa hutoka kwenda baharini na kufuata pwani kuelekea kaskazini wakiwinda makundi ya samaki wadogo, wakapitisha miezi ya joto kwenye maji ya New England, na kurudi kusini majani yanapopukutika. Jike huchukua miaka sita hivi au zaidi kabla ya kutaga kwa ukamilifu, na anaweza kuishi miaka 30. Kwa hiyo nahodha wa Massachusetts anaishi kwa samaki ambao wengi wao wamezaliwa Maryland, jimbo la Ghuba ya Chesapeake ambako yeye hana kura.

Walowezi wa Kiingereza wa karne ya 17 waliwakuta besi kwa wingi wa kustaajabisha. Waliwavua kwa nyavu na kwa kuziba vijito maji yanapopwa, wakawala, wakawatia chumvi, na wengine wakawafukia shambani kama mbolea. Mwaka 1639 baraza la koloni la Massachusetts Bay lilipiga marufuku kutumia besi na chewa kurutubishia mashamba, mojawapo ya sheria za mwanzo kabisa za kulinda samaki katika nchi ile. Mwaka 1670 koloni jirani la Plymouth liliamua kwamba mapato ya uvuvi wa besi, vibua na heringi huko Cape Cod yagharimie shule isiyo na ada. Samaki huyu, basi, alikuwa jambo la serikali tangu mwanzo.

Kumvua kwa starehe kulikuja baadaye, na kulianza na matajiri. Kuanzia miaka ya 1860 vilabu vya wanaume wenye fedha vilijengwa kwenye visiwa vya kusini mwa Massachusetts na Rhode Island. Maarufu kuliko vyote kilikuwa cha Cuttyhunk, kisiwa cha mwisho katika safu ya Elizabeth Islands, kilichoanzishwa mwaka 1864 na wafanyabiashara wa New York. Wanachama hawakutoka na mashua. Walijengewa vijia vya mbao juu ya nguzo za chuma, vikipita juu ya mawe makubwa hadi mahali mawimbi yanapovunjika, na mwishoni kila kijia kilikuwa na nafasi ya kukaa. Nafasi ziligawanywa kwa kura. Kando ya kila mwanachama alikaa kijana wa kisiwani aliyelipwa kukatakata chambo, wakiwemo kamba-mti, na kuvitupa majini ili besi wasogee. Kamba-mti wakati ule walikuwa rahisi kiasi hicho.

Mwenye fedha alishika ufito, lakini aliyejua maji alikuwa yule kijana. Ndiye aliyeona upepo umegeuka, ndiye aliyejua jiwe lipi lina besi. Ni haki kusema kwamba kazi ya nahodha wa kukodiwa ilianzia kwake: mwenyeji anauza ujuzi wa mahali pake kwa mgeni, kwa siku.

Vilabu vile havikudumu. Mwishoni mwa karne ya 19 besi walipungua mwaka hadi mwaka, wanachama wakachoka kukaa juu ya mbao bila kuguswa mshipi, na karne ilipogeuka vingi vilikuwa vimefungwa au vinaelekea kufungwa. Hata hivyo Agosti 1913, karibu na visiwa vilevile, Charles Church alimvua besi wa kilo 33, rekodi iliyokaa karibu miaka 70. Kufikia wakati huo besi walikuwa wamevuka bara zima. Mwaka 1879 wadogo 132 kutoka mto wa New Jersey walisafirishwa kwa treni na kutiwa majini karibu na San Francisco. Katika muda wa miaka 10 tu walikuwa wakiuzwa sokoni huko, na leo California ina manahodha wake wa besi.

Upande wa Atlantiki samaki walirudi kwa kishindo. Mwaka 1934 mazalio ya Chesapeake yalifanikiwa kupita kiasi, na kuanzia 1936 besi wadogo wakajaa pwani ya New England. Daniel Merriman wa Chuo Kikuu cha Yale, aliyewachunguza miaka ile, alionyesha kwamba wingi wote huo ulitokana hasa na kizazi cha mwaka mmoja. Huo ndio ukawa mtindo wa historia ya besi: mwaka mmoja mwema wa mto huwalisha wavuvi kwa miaka mingi, na miaka mibaya ikifuatana, njaa huja kimyakimya.

Wingi huo ulikutana na mambo mengine mawili: injini za petroli zilizofaa mashua ndogo, na wafanyakazi wa mijini waliopata siku za mapumziko. Kampuni ya reli ya Long Island ilipeleka treni maalumu za wavuvi kutoka jiji la New York hadi Montauk, ncha ya mashariki ya kisiwa hicho. Abiria walishuka na mikoba ya chambo wakakimbilia gatini kuwahi nafasi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia watu waliongezeka tena. Martha's Vineyard ilianzisha shindano lake la besi mwaka 1946, na Cuttyhunk, mahali pa vilabu vya mabwana, pakawa na kundi la manahodha wenyeji waliochukua mteja yeyote mwenye nauli. Mashua zao zilijengwa kwa kazi hiyo hasa: za mbao, imara, zenye usukani wa mbele ili nahodha aone jiwe kabla ya kuligonga.

Jumamosi ya tarehe 1 Septemba 1951 mashua ya Pelican iliondoka Montauk ikiwa na watu 64, zaidi ya maradufu ya idadi iliyoifaa. Wengi walikuwa wameshuka kwenye treni ya asubuhi. Adhuhuri upepo uligeuka ukavuma kutoka kaskazini-mashariki, ukapambana na maji yanayopwa na kuinua mawimbi mafupi makali. Injini moja ilikuwa na hitilafu. Mashua ilipinduka karibu na mnara wa taa wa Montauk, na watu 45 wakafa, nahodha akiwa mmoja wao. Sheria ya mwaka 1940 ilikwisha kumtaka mwendesha mashua ya abiria wa kulipa awe na leseni, lakini haikuweka kikomo cha watu kwa chombo kama kile. Mwaka 1956 Bunge la Marekani lilipitisha sheria kwamba mashua inayobeba abiria zaidi ya sita sharti ikaguliwe na Kikosi cha Ulinzi wa Pwani. Nambari hiyo ya sita iliigawa biashara sehemu mbili. Kwa upande mmoja meli kubwa zilizokaguliwa ziliuza nafasi kwa kichwa. Kwa upande mwingine mashua ndogo za nahodha mmoja zilikodishwa nzima kwa kundi la watu sita au pungufu. Uvuvi wa besi wa karibu na pwani ukawa mali ya hizi za pili, na umebaki hivyo.

Ujuzi wenyewe ulikomaa miaka hiyo. Besi hupenda mahali ambapo mkondo unavunjwa na kitu: mwamba, fungu, ncha ya nchi, mlango mwembamba. Hukaa kwenye kivuli cha mkondo akisubiri chakula kiletwe na maji. Kwa hiyo mahali pazuri huweza kuwa patupu kabisa saa moja na kujaa samaki saa inayofuata, na safari hupangwa kwa majira ya maji kuliko kwa saa za ukutani. Bamvua huleta mkondo mkali na besi wenye njaa. Maji mafu huwatia uvivu. Mchana wa Julai, jua likiwa juu na maji yamepata joto, wakubwa hushuka kwenye vina vyenye baridi. Hapo manahodha wa Montauk na Rhode Island waliburuta chambo bandia kwa mshipi wa waya unaozama bila chubwi, wakihesabu urefu walioutoa ili chambo kipite juu ya mwamba pasipo kunasa. Usiku ulikuwa wa mikunga. Mkunga hai aliyetungwa ndoana na kutupwa karibu na mawe gizani amewatoa besi wakubwa kuliko karibu chambo kingine chochote. Nahodha aliyeweza kuingiza mashua usiku kati ya mawe ya Sow and Pigs, safu hatari iliyo magharibi ya Cuttyhunk, na kuitoa salama, hakukosa wateja.

Wakati huohuo mto Hudson ulikuwa umeingia mahakamani. Kampuni ya umeme ya Consolidated Edison ilitangaza mwaka 1962 mpango wa kusukuma maji ya mto hadi juu ya mlima Storm King. Wavuvi walihofia kwamba pampu zingefyonza mayai na vifaranga vya besi, na hoja hiyo ikaungana na ya watetezi wa mandhari. Kesi ilidumu hadi mwaka 1980, kampuni ilipokubali kuuacha mradi. Jiji la New York nalo liliachana mwaka 1985 na barabara kuu ya Westway, iliyotaka kufukia ukingo wa mto, kwa sababu besi wadogo walikuwa wakijificha majira ya baridi chini ya magati yake. Ni vigumu kumtaja samaki mwingine wa nchi ile aliyesimamisha miradi miwili mikubwa namna hiyo.

Hata hivyo besi walikuwa wakitoweka. Mwaka 1973 wavuvi wa biashara wa pwani ya Atlantiki walipata takriban tani 6,700. Kufikia 1983 walipata chini ya 800. Uvuvi ulikuwa umezidi, na miaka ya mazalio mabaya Chesapeake ilifuatana baada ya 1970. Ajabu ni kwamba rekodi za ukubwa zilivunjwa wakati huohuo: kilo 34 na zaidi Montauk mwaka 1981, kilo 35 na nusu Atlantic City mwaka 1982. Walikuwa wazee waliobaki, wakati wadogo nyuma yao hawakuwepo. Mwenye kutazama samaki aliyetundikwa gatini angeweza kudhani mambo ni mema.

Mwaka 1984 sheria ya taifa iliipa nguvu tume ya majimbo ya Atlantiki: jimbo ambalo lingekataa mpango wa kumlinda besi lingefungiwa uvuvi wake wote wa samaki huyo. Tarehe 1 Januari 1985 Maryland ilifunga uvuvi kabisa, na Delaware ikafanya vivyo. Majimbo mengine yaliongeza kipimo cha chini kila mwaka ili majike waliozaliwa 1982 wapate kutaga angalau mara moja. Manahodha waliumia. Wengine waligeukia samaki wengine, wengine waliuza mashua. Lakini uamuzi ulikuwa sahihi, na matokeo yake yanathibitisha: mazalio ya 1989 yalikuwa mema, Maryland ikafungua kwa masharti mwaka 1990, na mwaka 1995 tume ilitangaza kwamba besi wamepona. Miaka 15 iliyofuata ndiyo iliyokuwa ya neema kubwa kwa mashua za kukodi, na Agosti 2011 Greg Myerson alimvua katika Long Island Sound besi wa kilo 37, rekodi ya dunia.

Neema ilileta wavuvi wengi mno. Wengi waliwarudisha samaki majini, wakiamini hawakuwadhuru, lakini kwa makadirio ya wasimamizi 9 katika kila 100 wanaorudishwa hufa, na maji ya joto huzidisha hatari. Tathmini iliyokamilika mwaka 2018 ilionyesha kwamba besi wamepungua tena kupita kiwango salama, na kwamba karibu nusu ya waliokufa kwa mikono ya wavuvi mwaka 2017 walikuwa ni hao waliorudishwa. Ndoana za mviringo, zinazoshika pembeni mwa mdomo badala ya kumezwa, zikawa za lazima kwa mwenye kutumia chambo halisi. Mwaka 2020 besi wa baharini wa kuchukuliwa aliwekewa kikomo cha juu pia: awe kati ya sentimita 71 na 89. Mwaka 2023 kikomo hicho kilishushwa hadi 79, ili majike wakubwa wenye mayai mengi wabaki.

Mabishano yaliyofuata yalizigusa mashua za kukodi moja kwa moja. Manahodha walidai kwamba mteja wao, anayevua siku moja kwa mwaka, asihesabiwe sawa na mwenye mashua yake anayevua kila jioni, na kwa muda Maryland iliwaruhusu abiria wa kukodi samaki wawili endapo nahodha angetoa taarifa za kila safari kwa njia ya kielektroniki. Mwaka 2024 tofauti hiyo iliondolewa. Abiria wa kulipa na mvuvi wa ufukweni wakawa na haki moja, samaki mmoja kwa siku. Upimaji wa vifaranga unaofanywa na Maryland tangu 1954 umeonyesha mazalio hafifu mfululizo tangu 2019, na besi huchukua miaka sita au saba kufikia sentimita 71. Manahodha wa New England wanaweza kuhesabu wenyewe ni majira gani ya joto yatakayokuwa na samaki wachache wa kupeleka nyumbani, na wengi wameanza kuwauzia wateja safari ya kuvua na kuachia.