Bunduki na Utalii wa Uganda
Mkazi wa Namuwongo, kando ya reli, haoni tembo mlangoni pake. Lakini fedha za watalii humfikia kupitia hoteli za Kampala na masoko yake. Mbuga za Murchison na Queen Elizabeth zilianzishwa mwaka 1952, na katika miaka ya 1960 utalii uliliingizia taifa fedha nyingi za kigeni. Baada ya mapinduzi ya 1971 wageni walitoweka. Wenye bunduki, na tuseme wazi, wakiwamo wanajeshi, waliwaua tembo wengi kwa ajili ya pembe. Kufikia miaka ya 1980 vifaru hawakusalia hata mmoja. Watalii walianza kuwatazama gorila wa Bwindi mwaka 1993. Machi 1999 waasi waliovuka mpaka kutoka Kongo waliwaua wageni wanane huko. Ndipo jeshi likawekwa kuulinda msitu, na wageni wakarejea.