Bendi Iliyofika Osaka na Filamu Ambayo Hatukuipiga

Wiki mbili zilizopita niliwaonyesha wanafunzi wangu wa mwaka wa pili filamu iitwayo The Last Waltz. Iliongozwa na Martin Scorsese, ikatoka mwaka 1978, nayo inahusu onyesho la kuaga la bendi kongwe ya roki iliyojiita The Band. Onyesho lenyewe lilifanyika San Francisco tarehe 25 Novemba 1976, baada ya wanamuziki hao kuzunguka majukwaani kwa miaka 16. Hawakutaka kuaga peke yao. Waliwaalika Muddy Waters, Joni Mitchell, Van Morrison, Neil Young, Bob Dylan na wengine; mabango yetu ya dansi yangeandika "wakisindikizwa na", kisha yakashusha orodha ndefu ya majina.

Taa zilipowashwa, kijana mmoja aliyezaliwa Mji Mpya, hapa hapa Morogoro, aliuliza swali fupi: "Dokta, ya Mbaraka iko wapi?"

Darasani nilimjibu kwa sentensi mbili tu, tena za kukwepa. Namjibu hapa kwa kirefu, kwa kuwa swali lake linahusu maamuzi ya dola kuliko linavyohusu magitaa.

Morogoro ulikuwa mji wa bendi kabla haujawa mji wa vyuo. Reli ya Kati ilifika chini ya milima ya Uluguru mwaka 1907, mashamba ya mkonge yakafuata, na pamoja nayo vibarua wa makabila mengi waliohitaji lugha moja ya kazi na starehe moja ya jioni. Kiswahili kilitoa lugha, dansi likatoa starehe. Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944, mwaka ule ule aliozaliwa Mbaraka Mwinshehe, ambaye baadaye angekuja kuwa mpiga solo wake. Mwaka 1948 Salum Abdallah akaunda Cuban Marimba. Jina halikuwa la kubahatisha. Santuri za Kikuba za mfululizo wa GV zilikuwa zimeenea katika nchi nyingi za Afrika, na inasimuliwa kwamba kijana Salum aliwahi kutoroka nyumbani akiwa na nia ya kufika Cuba, safari yake ikaishia Mombasa. Mji mdogo usio na bandari, ule tunaouita kwa utani "mji kasoro bahari", ukawa na bendi mbili zilizogawa wapenzi kama Simba na Yanga zinavyogawa nchi leo. Salum alifariki katika ajali ya gari mwaka 1965, na uongozi wa Cuban Marimba ukashikwa na Juma Kilaza. Upande wa pili Mbaraka alikuwa ndiyo kwanza anaanza kung'ara.

Mwaka 1970 Morogoro Jazz walikwenda Japani, wakapiga katika maonyesho ya dunia ya Expo 70 mjini Osaka kwa niaba ya Tanzania. Maonyesho yale yalianza Machi hadi Septemba, yakihudhuriwa na watu zaidi ya milioni 64. Humo ndimo, katika banda la Fuji, dunia ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza filamu ya IMAX, yenye picha kubwa mno. Mwezi ule ule wa Machi, Marekani, filamu ya tamasha la Woodstock iliingia katika kumbi za sinema. Kwa hiyo vijana wetu walisimama na magitaa yao katika uwanja uliozindua teknolojia hiyo, kisha wakarudi katika nchi ambayo upande wake wa Bara ungepata kituo cha kwanza cha televisheni mwaka 1994. Zanzibar ilikuwa nayo tangu 1973, tena ya rangi. Bara tulisubiri.

Sitaki kuwahukumu waliotawala wakati ule kwa kipimo cha leo. Katika nchi ambayo vijiji vingi havikuwa na zahanati wala maji safi, televisheni ilionekana kuwa anasa ya watu wa mjini, na hoja hiyo ilikuwa na uzito. Lakini televisheni ni jambo moja na kamera ya filamu ni jambo lingine. Kamera serikali ilikuwa nazo. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968. Kamera zilifuata ziara za viongozi, mikutano ya hadhara na kampeni za elimu kwa umma. Tarehe 10 Desemba 1962 Rais Nyerere alitangaza wizara ya utamaduni na kusisitiza kwamba taifa lisilo na utamaduni wake ni mkusanyiko wa watu tu. Hata hivyo, aliyepanga ratiba ya kamera hakuliona dansi la Jumamosi usiku kuwa sehemu ya utamaduni huo. Ngoma za asili uwanjani, ndiyo.

Kilichotuokoa ni redio. Radio Tanzania Dar es Salaam iliziita bendi studio, ikazirekodi, na mikanda yake ndiyo inayotuwezesha leo kumsikia Mbaraka. Pasipo mafundi mitambo wale, ambao hakuna anayewaimba, tungekuwa na majina matupu. Lakini studio haina wacheza dansi. Haina mtu anayepanda jukwaani kumtuza mwimbaji, wala haimwonyeshi mpiga solo akimkonyeza mpiga tumba kwamba sasa tunachanganya. Tumerithi sauti ya bendi bila mwili wake.

Mbaraka aliondoka Morogoro Jazz mwaka 1973, akaunda Super Volcano. Januari 1979 alifariki katika ajali ya gari nchini Kenya, akiwa na umri wa miaka 34. Huko ndiko zilikotoka santuri zilizompa wapenzi wengi, pamoja na mfululizo wa Ukumbusho uliotolewa baada ya kifo chake. Hata nyimbo za Salum Abdallah za miaka ya 1950 na 1960 zilikusanywa katika CD na kampuni ya Ujerumani mwaka 2000. Mara nyingi kumbukumbu zetu hutufikia zikiwa na muhuri wa forodha.

Wapo watakaosema ni umaskini tu. Nawakumbusha Kinshasa. Septemba 1974 tamasha la siku tatu liliwakutanisha jukwaani Franco, Tabu Ley, Miriam Makeba, James Brown, B.B. King na Celia Cruz. Kamera zilikuwepo, ila filamu ya Soul Power iliyotokana nayo ilitoka mwaka 2008. Kwa zaidi ya miaka 30 mikanda ililala kabatini, na ilipoamshwa ilikuwa ingali na jasho la watu wale. Picha iliyopigwa inaweza kumngoja mhariri hata miaka thelathini.

Nawageukia sasa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu. Msondo Ngoma imetokana na NUTA Jazz ya mwaka 1964. Muhidin Gurumo, sauti iliyoibeba kwa miongo, alifariki Aprili 2014. Wangapi wa rika lake wamebaki? Onyesho moja lililopangwa vizuri, kamera sita, fundi sauti anayejua kazi yake, wakongwe jukwaani wakisindikizwa na vijana wa leo, gharama yake haizidi ya semina elekezi mbili za hotelini. Simu tunazozinyanyua ukumbini hazitoshi. Nusu ya picha huwa ni kisogo cha mtu.

Jumamosi iliyopita nilikwenda na wanafunzi watatu, yule wa Mji Mpya akiwemo, kwa mzee mmoja anayeishi upande wa Kola, ambaye ujana wake wote alikuwa mpenzi wa Morogoro Jazz. Tulimwamkia, akatukaribisha chini ya mwembe, milima ikiwa imefunikwa na ukungu nyuma yake. Nilimwomba atueleze Mbaraka alivyokuwa akisimama jukwaani. Alieleza kidogo, akaona maneno hayatoshi, akaomba fimbo yake. Akaikumbatia kama gitaa, akainamisha kichwa kushoto, vidole vikatembea juu ya mti.

Kijana alikuwa amesharekodi. Mzee alipomaliza aliomba simu, akaitazama picha ile hadi mwisho bila kusema neno, kisha akamrudishia.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Mkono wa kulia nimekosea. Washa tena."